Kadi za Kumbukumbu na Majina ya Mwili

Kwa mwalimu wa lugha, kadi si kitu kigeni. Tangu siku za chuo cha ualimu twazikata kutoka katika maboksi makuukuu, twaandika neno upande mmoja, twachora picha upande wa pili, kisha twazionyesha darasani moja baada ya moja huku watoto wakiitikia. Zana hii haina gharama, na wengi wetu huiona kuwa ni ya madarasa ya chini tu. Lakini siku hizi, hapa Nyarutarama na kwingineko katika jiji la Kigali, kadi hiyohiyo imeingia katika simu za mkononi za vijana wanaosomea udaktari na uuguzi. Mwanafunzi aketiye ndani ya basi hutazama picha ya mkono ambayo sehemu yake moja imefunikwa. Hujiuliza jina la sehemu ile, hugusa kioo, na jibu hufunuka.

Makala hii yakusudia kueleza kwa ufupi historia ya kadi hiyo na ya majina inayoyabeba. Shabaha yetu ni moja: kuonyesha kwamba kadi hufundisha zaidi pale anayejifunza anapoitengeneza mwenyewe, na kwamba katika nchi yenye lugha nyingi kama Rwanda, kadi ya kujitengenezea ndiyo iwezayo kubeba jina analolitumia mgonjwa. Jambo hili, kama tutakavyoona, latuhusu sana sisi walimu wa Kiswahili.

Mzigo wa majina

Elimu ya maungo ya mwili, yaani anatomia, ni elimu ya kuona na kutaja. Mtu mzima ana mifupa 206 na misuli zaidi ya 600, na karibu kila mfupa una vichwa, mashimo na kingo zenye majina yake. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Padua, alichapisha mjini Basel kitabu kikubwa chenye picha za mwili uliopasuliwa. Humo alisahihisha mengi yaliyokuwa yakisomwa tangu zama za Galen bila ya kuhakikishwa kwa macho. Tangu hapo wachunguzi wa mwili waliongezeka, na kila mmoja alikipa jina kile alichokiona. Yakadiriwa kuwa kufikia mwisho wa karne ya 19 majina kama 50,000 yalikuwa yakitumika, kiungo kimoja kikiitwa hivi Ujerumani na vile Ufaransa. Ndipo mwaka 1895 wataalamu walipokutana Basel, mji uleule, wakapitisha orodha ya majina ya Kilatini yapatayo 5,500. Orodha nyingine ilipitishwa Paris mwaka 1955, na ile iliyotolewa mwaka 1998 ina majina kama 7,500.

Msomaji wa jarida kama hili ataona kwamba jambo hilo halimtatizi. Kazi iliyofanywa Basel kwa majina ya mwili haina tofauti kubwa na ile iliyoanzwa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili: kuchagua neno moja kati ya mengi ili watu waelewane. Tena majina hayo ya Kilatini, ambayo mwanafunzi huyaogopa, yalikuwa maneno ya nyumbani kwa Warumi. "Musculus" ni panya mdogo, maana msuli ukicheza chini ya ngozi wafanana na panya apitaye chini ya mkeka. "Clavicula", yaani mtulinga, ni ufunguo mdogo. "Patella", kile kifuniko cha goti, ni kisahani. "Tibia", mfupa wa muundi, ni filimbi. Waswahili nao walifanya vivyo hivyo. Kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa Mrumi alikifananisha na zabibu. Mswahili alikiita kilimi, yaani ulimi mdogo. Mifupa ya uti wa mgongo aliiita pingili, kama zile za muwa. Kwa hiyo kila jina la mwili lilianza kuwa picha katika akili ya mtu fulani. Anayelikariri bila ya kuiona picha hiyo hubeba ganda, kiini akakiacha.

Lugha za tiba katika Rwanda

Jiji la Kigali lilianzishwa mwaka 1907 na Richard Kandt, Mjerumani ambaye kwa taaluma alikuwa daktari. Zama zile Kiswahili kilikuja pamoja na maaskari, wapagazi na wafanyabiashara, na hata leo mitaa ya Biryogo na Nyamirambo yajulikana kwa lugha hiyo. Elimu ya tiba, hata hivyo, haikuja kwa Kiswahili. Shule ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa Huye, ilianzishwa mwaka 1929 na Mabruda wa Upendo wakati wa utawala wa Wabelgiji. Humo waliandaliwa wasaidizi wa waganga, na lugha ilikuwa Kifaransa. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa mjini humo, kitivo cha utabibu kikiwa miongoni mwa vile vya kwanza. Hapo pia lugha ilikuwa Kifaransa.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaangamiza walimu, waganga, wauguzi na wanafunzi wengi. Chuo kilifunguliwa tena mwezi wa Aprili 1995, nchi ikiwa na upungufu mkubwa wa watu wenye ujuzi. Waliorudi kutoka uhamishoni walikuja na lugha mbalimbali: Kifaransa kutoka Burundi na Kongo, Kiingereza kutoka Uganda, Kiswahili kutoka Tanzania na Kenya. Mwaka 2007 Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na mwaka 2017 Bunge likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza.

Hebu tumtazame basi mwanafunzi wa leo. Nyumbani asema Kinyarwanda. Masomo yake ni ya Kiingereza. Majina ya anatomia ni ya Kilatini na Kiyunani. Baadhi ya wakubwa wake kazini walisomea Kifaransa. Na mgonjwa aliyelala mbele yake, akiwa ametoka Goma, Bukavu au Ngara, huenda akamweleza maumivu yake kwa Kiswahili. Mzigo wake si wa majina 7,500 tu. Ni majina hayo mara lugha tatu au nne.

Kadi kabla ya simu

Matumizi ya vipande vya karatasi kwa kupanga maarifa ni ya kale. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alitumia katika uzee wake vipande vya karatasi vya kipimo kimoja, ili aweze kuvipangua na kuvipanga upya kila alipopata habari mpya. James Murray na wenzake, walipokuwa wakitunga kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, waliletewa vipande vya namna hiyo kwa mamilioni. Huko kipande cha karatasi kilitumika kutunzia maarifa. Katika mafunzo kilitumika kuulizia. Mwaka 1834 Favell Lee Mortimer wa Uingereza alitoa seti ya kadi za kufundishia watoto kusoma, nazo hutajwa kuwa miongoni mwa kadi za kwanza za aina hiyo.

Swali la lini kadi irudiwe lilipata mwanga kwa Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, kisha akapima ni kiasi gani alichosahau baada ya muda. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alionyesha kwamba kusahau huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo: baada ya siku moja alikuwa amebakiwa na kama theluthi moja ya faida ya kazi yake, na baada ya mwezi kama sehemu moja ya tano. Aliona pia jambo jingine lenye manufaa makubwa. Marudio 38 yaliyotawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 aliyoyafanya yote katika siku moja. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ebbinghaus alikipima kibaba chenyewe.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner, mwandishi wa habari, alieleza kwa Kijerumani jinsi ya kuigeuza kanuni hiyo kuwa sanduku. Sanduku lake lilikuwa na vyumba vitano. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza. Ukijibu sawasawa, kadi husogea chumba cha pili, ambacho hufunguliwa kwa nadra zaidi. Ukikosea, hurudi mwanzo. Kwa njia hiyo mtu hupoteza muda kidogo kwa yale anayoyajua, na hutumia muda mwingi kwa yale yanayomshinda.

Hatua iliyofuata ilitokea Polandi, nayo yatupasa tuizingatie. Piotr Woźniak, mwanafunzi wa mjini Poznań, alikuwa na haja mbili kwa wakati mmoja: kukariri mambo ya biolojia na kukariri maneno ya Kiingereza, lugha ambayo haikuwa yake. Mwaka 1985 alianza kupanga marudio yake kwa karatasi na kalamu, akipima vipindi vya kurudia. Mwaka 1987 aliandika programu ya kompyuta iliyofanya hesabu hiyo badala yake, akaiita SuperMemo. Mwaka 2006 Damien Elmes akatoa programu nyingine iitwayo Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kukariri, ambayo mwanzoni ilitumia hesabu iliyotokana na ile ya Woźniak. Anki hupatikana bure katika simu za Android, na kadi zikishaingizwa hufanya kazi bila ya intaneti.

Tukiitazama historia hii vizuri, twaona kwamba kadi ya kompyuta haikubuniwa na tajiri wala na kampuni kubwa. Ilibuniwa na mwanafunzi aliyelazimika kujifunza sayansi na lugha ngeni kwa pamoja. Hali yake ilikuwa ni ileile ya kijana wa Kigali.

Kwa nini kujitengenezea

Leo mwanafunzi hahitaji kuandika hata kadi moja. Yapo mafurushi ya kadi zilizo tayari, maelfu kwa maelfu, yaliyotungwa hasa kwa ajili ya mitihani ya Marekani. Ayapakue, aanze. Wapo wasemao kwamba kutengeneza kadi mwenyewe ni kupoteza saa ambazo mtu angezitumia kusoma. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana masomo ya utabibu ni marefu na usiku ni mfupi.

Lakini utafiti watuelekeza njia nyingine. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kwamba neno ambalo mtu amelitoa mwenyewe kutokana na dokezo hukumbukwa vyema kuliko neno lilelile alilolisoma tu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya habari. Wengine walivisoma mara mbili. Wengine walivisoma mara moja, kisha wakajaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka kama asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Kusoma tena humpa mtu raha ya kujua. Kujiuliza humwonyesha kama ajua kweli.

Basi atengenezaye kadi hujifunza mara mbili. Kwanza ni pale anapoamua nini kiulizwe, maana hawezi kuuliza asichokielewa. Pili ni pale anapoulizwa. Mwenye kadi za kupakua amerukishwa hatua ya kwanza.

Mambo machache yafaa kushikwa katika kazi hiyo. Kadi moja iulize jambo moja tu. Kadi isemayo "Taja misuli yote ya paja" ni mtihani mzima, na mwenye kukosa msuli mmoja hajui airudie kadi kwa sababu gani. Picha iwe ya mwanafunzi mwenyewe ikiwezekana: achore mfupa kwa penseli, aupige picha kwa simu, kisha azifunike sehemu moja moja kwa kile chombo cha kufunikia picha kilichomo katika programu. Maneno yawe yake, wala yasinakiliwe kutoka kitabuni. Kadi iende pande zote mbili, kutoka picha kwenda jina na kutoka jina kwenda picha. Tena asitengeneze mia kwa usiku mmoja, kwa kuwa kila kadi ya leo ni deni la kesho. Mafurushi yaliyo tayari yasitupwe. Yatumike kama kamusi, ya kuhakikishia kazi baada ya kuifanya. Wala asidhani kwamba kadi yatosha pasipo chumba cha mafunzo ya mwili. Picha ni bapa na mwili una kina. Hilo Vesalius alikwisha kulifundisha.

Neno la mgonjwa

Sasa twafikia sababu iliyo kubwa kuliko zote. Kadi iliyotungwa Marekani haina nafasi ya Kinyarwanda wala Kiswahili. Ya kujitengenezea inayo.

Chukua figo. Nyuma ya kadi mwanafunzi aweza kuandika jina la Kiingereza la mtihani, na chini yake "impyiko" na "figo". Mara moja sikio lake litasikia undugu wa maneno hayo mawili. Ataandika "urutirigongo" na "uti wa mgongo", "ikiganza" na "kiganja", "urubavu" na "ubavu", "ururimi" na "ulimi". Moyo kwa Kinyarwanda ni "umutima", na msomaji wa tenzi zetu za kale alijua neno mtima. Mzungumzaji wa Kinyarwanda atagundua kwamba nusu ya njia ya kwenda kwenye Kiswahili amekwisha kuitembea bila ya habari.

Lakini zipo na mitego, ambayo haionekani mpaka mtu aitengeneze kadi kwa mkono wake. Kwa Kinyarwanda "umwijima" ni ini, na "umwijima" ni giza vilevile. Tafsiri isiyojua muktadha itampeleka mtu gizani wakati yeye alitaka ini. Kinyarwanda hutenga "inda", yaani tumbo kwa nje, na "igifu", ule mfuko wa chakula. Mgonjwa wa Kiswahili husema "tumbo" kwa yote mawili. Anaposema "mkono" huenda anataja bega hata vidole. Kiwiko kwa wengine ni pale mkono unapokunjwa katikati, na kwa wengine ni pale kiganja kinapoanzia. Na neno mshipa limebeba mengi kupita kiasi: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ngiri. Wataalamu wametusaidia kwa kutenga ateri, vena na neva, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Lakini mgonjwa hakuisoma kamusi hiyo. Atasema mshipa, na kazi ya mganga ni kujua amwulize swali gani linalofuata: Wauma wapi? Wapiga au wawaka? Waanzia wapi na kuishia wapi?

Hapa si suala la ufasaha wa lugha tu. Mzee wa Kikongo aliyeletwa katika hospitali ya Kigali, akaeleza kwa Kiswahili ni upande gani umchomao, aweza kueleweka au asieleweke na kijana aliyefaulu vizuri sana mtihani wake wa anatomia. Kijana huyo ajua majina elfu, na jina moja lililohitajika saa ile huenda halimo. Mkalimani aweza kutafutwa, ni kweli. Lakini maumivu hayangoji, na mambo mengine mgonjwa haoni vema kuyasema mbele ya mtu wa tatu.

Wajibu wetu

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda. Urasmi huo huonekana katika sheria na katika mikutano ya Jumuiya. Kitandani kwa mgonjwa utaonekana tu ikiwa maneno yake yamo katika vichwa vya wale wanaomhudumia, na leo njia mojawapo ya kuingia katika vichwa hivyo ni ile kadi ndogo ya simu.

Mwanafunzi wa utabibu ataweza kujichorea picha na kujiandikia jina la Kiingereza. Jina la Kiswahili atalitoa wapi, kama si kwetu? Tumezoea kufundisha viungo vya mwili katika somo la tatu au la nne: kichwa, jicho, sikio, pua, kisha twafunga ukurasa. Hapana budi twende mbele zaidi. Tufundishe bandama, nyongo, kongosho, kibofu, gegedu, kano, umio na koromeo. Tufundishe pia namna watu wanavyoyataja maumivu: kuchoma, kuwanga, kunyong'onyea, kukazana, kufa ganzi. Tuwaambie wanafunzi wetu ni neno lipi lina maana mbili, na ni wapi watu wa Pwani na wa Kongo wanatofautiana.

Wala tusiwatungie kadi hizo wao wakae kitako. Tukifanya hivyo tutakuwa tumewapa furushi jingine lililo tayari, la Kiswahili safari hii. Tuwape maneno na tuwasahihishe. Kadi waitengeneze wao. Pengine katika kazi hiyo watakutana na kiungo ambacho sisi walimu hatujakipatia jina la Kiswahili linaloeleweka na watu wote, nao watatujia na swali. Siku hiyo tuwe tayari kuketi pamoja nao, mwalimu wa lugha na mwanafunzi wa tiba, tulitafute jina kwa watu wenyewe.